Ng'ombe Niliyemfuta Jiweni

Atyang, binti yangu,

Barua za watu waliosoma huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Asubuhi hii nimekuona ukimaliza chapati tatu, ukafunga begi, ukalifungua, ukalifunga tena, kisha ukapanda boda kwenda Chakol kumuaga shangazi yako. Hali yangu pia unaijua: goti la kulia linalia kama klachi iliyoisha, domo bado ni zima. Kwa hiyo hayo tuyapite. Ni saa nane mchana, nimekaa hapa mezani, kuku ananitazama kutoka mlangoni kama askari wa mpaka, na nataka kumaliza kabla hujarudi jioni.

Unajua mimi si mtu wa kuandika. Shule niliiacha darasa la saba, nikaenda kusomea barabara. Kuongea, hapo usiniambie. Nimeongea na askari wa nchi tano nikiwa sina karatasi hata moja iliyo sawa, na wote wakaniachia nipite huku wakishika mbavu. Madereva wenzangu wa malori hawakuniita Kilomita bure. Lakini jambo hili nimejaribu kulisema kwa mdomo miaka kumi na moja, na kila nikifungua mdomo unatoka mzaha. Nimeona afadhali kalamu. Kalamu ni nzito, haikimbii.

Mombasa sitakufundisha. Ningeweza kukujazia daftari zima, maana ule mji naujua kuliko watu waliozaliwa huko: feri uivuke saa ngapi, joto la mwezi wa pili ulilalie vipi, maji ya bomba yanavyofanya sabuni isitoe povu. Hayo utayajua kwa wiki mbili. Uuguzi utafundishwa na wanaoujua. Na habari za wavulana, shangazi yako huko Chakol sasa hivi anakuambia mpaka masikio yako yamechoka, sina la kuongeza.

Nataka kukuandikia kuhusu jiwe.

Jumapili iliyopita ulinikuta nje nikinoa panga. Ukasema, "Baba, kabla sijaenda, twende jiweni." Ulisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. Mimi nikacheka, nikakuambia jiwe halina miguu, utalikuta ukirudi Krismasi. Ukaniangalia kidogo. Kisha ukasema, "Sawa, Baba," ukaingia ndani.

Hiyo "Sawa, Baba" naijua. Uliisema namna hiyo mara moja tu, ukiwa na miaka tisa, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiogopa kuisikia tena.

Wacha nianzie mbali kidogo, ndivyo nilivyozoea kuwasha gari.

Mama yako alizaliwa chini ya ule mlima. Mimi nilizaliwa kilomita nne kutoka hapo, na nakuambia ukweli, mpaka siku namuoa nilikuwa sijawahi kuupanda. Sisi vijana wa mpakani tuliangalia lami. Tukitoka shule tulikuwa tunaenda Malaba kutazama foleni ya malori, tunasoma namba za nchi za watu, tunabishana hii ya Burundi au ya Rwanda. Nikajua basi, njia ya maana ni ile yenye mstari mweupe katikati. Hizi zingine, za ng'ombe na za kuni na za wanawake wa maji, niliona ni za watu waliokosa nauli.

Mama yako alizijua zote, na kila moja alikuwa ameipa jina. Unakumbuka? Njia ya Siafu, ambayo hupiti bila kukunja suruali. Njia ya Mkwe, ile iliyobanwa na miti ya utupa pande zote mbili, kwa sababu mwanamume akikutana na mama mkwe wake hapo hana pa kujificha. Mimi nilimwambia, "Hiyo sipiti mpaka mama yako ahame." Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu Njia ya Wimbi, inayoteremka katikati ya mashamba ya ulezi mpaka kwenye kijito chenye mawe matatu ya kukanyagia, la tatu linacheza. Ukivuka, unaanza kupanda, na juu kabisa kuna ule msitu. Si msitu mkubwa, mtu wa Kakamega angeucheka. Ni miti ya zamani iliyobaki kwa sababu wazee walikataza shoka kufika hapo. Lakini ukiingia, hata saa sita mchana kuna baridi, na tumbili wanakutukana kutoka juu kama makanga wa matatu za Busia.

Na ndani ya msitu, jiwe. Watu wa Kakapel wana jiwe lao linalojulikana, lina uzio na kibao cha serikali. Letu halina kibao. Lilikuwa na mama yako tu. Jiwe moja kubwa limeinamia mengine kama mtu anayechungulia chungu, na chini yake kuna ukuta mkavu ambao mvua haijaugusa tangu dunia iumbwe. Ukutani michoro: duara ndani ya duara, za rangi nyeupe, na chini yake ng'ombe mwekundu wa pembe ndefu, na nyuma yake ndama. Aliyechora hajulikani. Wazee wetu wanasema Wateso walipofika huku waliikuta imechorwa tayari na wenyewe wameondoka.

Mama yako alionyeshwa na bibi yake, na bibi yake na bibi yake. Walikuwa na taratibu zao, wanawake wa ile nyumba. Kabla ya kuingia unachuma jani bichi, unaliweka kwenye jiwe bapa pale mlangoni. Ukiingia, mikono unaishika mgongoni, yote miwili, na haitoki huko mpaka utoke nje. Na lazima ufike mapema, kabla ya saa moja na nusu asubuhi, kwa sababu hapo ndipo jua linapopenya chini ya jiwe kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Likipenya, ng'ombe anatoka. Kabla ya hapo huoni kitu zaidi ya doa.

Haya yote niliyajua kwa kusimuliwa. Kila nikirudi safari, mama yako alikuwa ananiambia, "Baba Atyang, kesho asubuhi twende sisi watatu." Na mimi, "Safari ijayo, mama. Nimeona Mlima Kenya, nimeona volkano ya Goma ikiwaka, ng'ombe wa jiweni atanikimbia?" Mkaenda nyinyi wawili kila Jumapili kabla ya kanisa. Mlirudi viatu vina umande mkinong'onezana vitu vyenu, na mimi nimelala nakoroma, bingwa wa Afrika Mashariki.

Sasa ile siku. Wewe unaikumbuka, lakini nataka uisikie kutoka kwangu, ujue kwamba na mimi naikumbuka.

Malori yalikuwa yamekwama Malaba siku ya tatu. Nikaja nyumbani na Salimu wa Burumba, yule mrefu mwenye kofia ya darizi, na Njuguna, ambaye alikuwa na simu mpya yenye kamera. Mama yako alikuwa ameenda kliniki yake ya sukari. Tukala kuku, na nikianza kushiba domo langu hufunguka. Nikawaambia huku kwetu kuna michoro ya watu wa kale, nimekua nayo mimi, naijua kama kiganja changu. Njuguna akasema, "Twende basi nipige picha." Ilikuwa saa tisa mchana. Ningesema ukweli hapo, ningesema sijawahi kufika, tungecheka, tungekula kuku mwingine. Nikasimama nikavaa kofia.

Wewe ukatufuata nyuma na sweta yako ya shule.

Niliwapeleka moja kwa moja ndani ya shamba la mihogo la yule mama mzee wa kijitoni. Akasimama na jembe lake. "Nyinyi wezi au watu wa sensa?"

Nikasema, "Mama, mimi ni wa hapa hapa. Tunaenda jiweni."

"Wa hapa hapa! Na unakanyaga mihogo? Wa hapa anapotea kwao?"

Salimu alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Kilomita, wewe si ulisema unajua hata njia ya mkato ya kwenda mbinguni?"

Na wewe, nyuma kabisa, kwa sauti ndogo: "Baba, ni huku."

Ukatangulia. Wanaume watatu wenye matumbo tukafuata mtoto wa miaka tisa juu ya mlima. Ukachuma jani lako, ukaliweka, ukashika mikono mgongoni. Sisi tukaingia hivi hivi tukiwa na soda mikononi.

Na saa hiyo, bila jua, hakukuonekana kitu. Salimu akainama, akafungua macho, akafunga. "Ng'ombe yuko wapi? Mimi naona kutu ya trela."

Njuguna akasema, "Boss, tumepanda mlima huu wote kuona ukuta mchafu?"

Ni utani, Atyang. Utani wa kawaida wa madereva, mimi mwenyewe nimewatania vibaya zaidi ya hapo. Lakini nilikuwa nimeshachekwa kwenye mihogo, na nikaona nikichekwa mara ya pili kwenye ardhi yangu nitakuwa si kitu. Nikasema subirini. Nikachukua chupa ya maji nikamwagia ukuta.

Ulisema, "Baba, Mama anasema hatugusi."

Hapa ndipo kuna neno ambalo ningelipa chochote nilirudishe. Nilikujibu mbele yao, "Mama yako hajawahi hata kuvuka Nakuru, ataniambia nini?"

Maji yalipoingia ukutani, ng'ombe alitoka. Lo, alitoka! Mwekundu kama ameuawa jana. Salimu akanyamaza. Njuguna akaanza kupiga picha. Na mimi nikalewa ule ukimya wao, nikataka atoke zaidi, nikamwaga soda, nikakuvua sweta nikaanza kusugua, kuanzia pembe nikishuka mgongoni, nguvu zote, kama naosha kioo cha gari. Njuguna alikuwa anasema, "Ongeza hapo, Kilomita, ongeza hapo."

Tulipotoka nilikurudishia sweta. Ilikuwa na rangi nyekundu kifuani. Uliiangalia, ukaniangalia. Nikakuambia, "Mama akiuliza, sema ni udongo."

Na mama yako aliifua, kwa mikono yake, pale kwenye karai la bluu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti hiki hiki nikitazama maji yakibadilika rangi. Akasema, "Huu udongo ni wa wapi mbona hautoki upesi?" Nikamwambia habari za Kigali.

Ile sweta hukuivaa tena. Mama yako akasema unaringa kama baba yako. Siku za baridi ulienda shule ukitetemeka, na mimi nilijua kwa nini.

Ingeishia hapo ningekuwa mpumbavu tu, na mpumbavu huwa anasamehewa. Lakini mwezi uliofuata mama yako alizidiwa. Miguu ilimvimba, na daktari akamwambia ajichunge, sukari ikipanda hivyo inaweza kumla macho. Siku niliporudi safari alinishika mkono. Akasema, "Baba Atyang, leo usiniambie safari ijayo."

Tukaenda sisi watatu. Mara ya kwanza. Alitembea na fimbo, akipumzika kila penye kivuli, na kila njia alinitajia jina kana kwamba ananijulisha kwa ndugu zake. Kwenye kijito nilimbeba mgongoni, akasema kumbe una faida. Alikuwa na furaha, Atyang. Mimi nilikuwa napunguza mwendo kila hatua, kwa sababu nilijua tunakokwenda.

Tulikaa chini ya jiwe tukasubiri. Jua likapenya. Mama yako akaangalia mahali pake. Akasogea. Akapepesa macho, akaangalia tena. Akasema polepole, "Yuko wapi?"

Hapo nilikuwa na nafasi. Dakika nzima. Nilikuwa na mdomo huu huu ambao umenivusha mipaka yote. Na nikasema, "Si yule pale. Mimi namuona."

Sijui kama utanielewa. Nilidhani namwokoa huzuni. Nilidhani akijua ng'ombe wa bibi yake amefutwa, na amefutwa na mimi, atakufa siku hiyo. Kwa hiyo nikamuacha adhani kilichoisha ni macho yake.

Akageuka kwako. "Na wewe, Atyang, unamuona?"

Wewe uliniangalia mimi. Na mimi nikatingisha kichwa, kidogo tu, kukukataza usimwambie.

"Namuona, Mama."

Hakulia. Alishika mikono yake mgongoni vizuri zaidi, akasema, "Basi imeanza." Tukateremka. Njiani nikakuvuta nyuma, nikakuambia hilo jambo tusimwambie kamwe, tutamuumiza. Ukasema, "Sawa, Baba."

Miezi mitano aliyoishi baada ya hapo aliishi kama mtu anayepofuka. Wewe ulikuwa pale. Aliacha kushona. Sindano zake alimpa jirani. Aliacha kusoma Biblia mwenyewe, akakuomba wewe umsomee. Njia zake zote aliziacha, akisema hataki kuanguka mtoni akawasumbua watu. Macho yalikuwa mazima, mwanangu. Daktari aliyempima Busia aliniambia mimi nje ya mlango, "Macho ya mama yako sawa kabisa," maana alidhani ni mama yangu kwa vile alivyokonda. Nilifanya nini? Nilienda nikamnunulia miwani. Bwana mkubwa amemletea mke wake miwani! Akaivaa, akanitazama muda mrefu, akasema, "Sasa naona kidogo." Alisema ili nifurahi. Kwa hiyo ukihesabu, katika nyumba hii tulikuwa watu watatu tunaodanganyana kwa upendo, na ni mimi mmoja tu niliyekuwa najua kila kitu.

Miwani ninayoandikia barua hii ndiyo hiyo. Sasa inanifaa. Uliwahi kuniuliza mbona sinunui mpya, nikakuambia hii inanifanya nionekane profesa.

Tulipomzika ulikuwa na miaka kumi. Watu walisema mtoto huyu ni jasiri, hasemi kitu. Mimi nikajivuna, nikasema ni damu yangu. Mungu anisamehe. Hukuwa jasiri. Nilikuwa nimekupakia mzigo wa tani ishirini na nane bila kukuuliza kama breki zako zinashika. Na umeubeba mpaka leo bila kunigeuzia hata neno moja, umenipikia, umenisugua goti na mafuta, umecheka mizaha yangu hata ile ya mbuzi wa Kampala ambayo najua umeichoka. Mara ngapi umeanza sentensi ukaiacha? Nilikuwa naona. Nilikuwa naanza hadithi ya Goma haraka haraka ili usimalize.

Kwa hiyo sikia, na hili si wosia wa mwenye hekima, ni maneno ya mtu aliyeungua. Utakosea huko Mombasa. Utampa mtu dawa isiyo yake, au utasahau mgonjwa, sijui, kazi yenu siijui. Siku utakayokosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka, hata kama wamesimama wakubwa wako wanacheka. Usimpe mtu mwingine aishi ndani ya uongo wako kama mama yako alivyoishi ndani ya wangu. Na mtu mzima yeyote akikuangalia na kutingisha kichwa ili unyamaze, hata akiwa baba yako, usinyamaze. Ulikuwa na haki ya kusema, "Mama, simuoni." Nilikunyang'anya. Nakurudishia leo, najua imechelewa.

Sasa la mwisho. Juzi nilikuambia naenda Malaba. Malaba nilifika, lakini baadaye. Niliondoka hapa saa kumi na mbili kasoro, nikaenda jiweni, peke yangu, na goti langu.

Nilipotea. Kweli kabisa. Njia ya Siafu niliipata kwa kuumwa. Njia ya Mkwe imezibwa na uzio mpya, nikazunguka, nikajikuta ndani ya mihogo. Na nani yuko hapo na jembe? Yule mama bado yu hai, amejikunja kama mundu. Akanitazama. "Wewe tena?"

"Mimi tena, mama."

"Na miaka yote hii hujajifunza?"

"Bado, mama."

"Mtoto wako hapotei," akasema. "Yeye hupita hapa kila mara. Hunisalimia."

Sikujua hilo, Atyang. Sikujua kwamba miaka yote hii umekuwa ukienda.

Akanionyesha kwa jembe. Nilivuka kijito, jiwe la tatu bado linacheza, nikalowa mguu mmoja. Nilipofika juu nilikuwa na kiu ya kufa, na chupa ya maji mfukoni. Niliiacha nje. Nilichuma jani nikaliweka kwenye jiwe bapa, na pale nikakuta jani lingine, halijakauka sana. La juzi juzi. Nikajua ni lako.

Nikaingia, nikashika mikono mgongoni. Mahali pa ng'ombe pamebaki weupe, unaona kabisa mkono wangu ulivyopita, kutoka juu kushuka. Nilisimama nikapatazama, sikuongea na mtu, nadhani ni mara ya kwanza maishani nimekaa mahali nusu saa bila kuongea. Kisha jua likapenya. Na ndama akatoka. Sweta yako haikuwa imemfikia. Yuko pale pale, mguu mmoja mbele, kichwa kimeinuliwa, anaangalia mahali palipofutwa.

Nikamwambia mama yako pale pale, kwa sauti, kila kitu. Tumbili wakanijibu. Sikupata jibu lingine na sikustahili.

Halafu nikateremka nikaenda Malaba, ofisi ya basi. Tikiti yako ni ya saa moja asubuhi. Yule kijana wa pale amesema inaweza kusogezwa iwe ya saa nane mchana, kiti kipo, anasubiri tu simu yangu. Sijampigia. Si mimi wa kuamua.

Barua hii naiweka kitandani kwako, juu ya begi. Ukiisoma usije kuniita, usinijibu kwa maneno leo, mimi nikipewa maneno nitayafanya mzaha. Lala. Kesho saa kumi na moja na nusu nitakuwa nje ya mlango, nimeshaoga. Ukitoka umevaa viatu vya safari, nitabeba begi mpaka kwa boda, nitakukumbatia, na hutasikia neno la lawama kutoka kwangu sasa wala kamwe. Una haki zote.

Ukitoka umevaa gumbuti za kwendea jiweni, tangulia. Mimi nitafuata nyuma. Njia siijui.

Baba yako